Jicho la Kulia la Kinyozi

Wateja walimwita Wembe, na kwa miaka thelathini jina hilo lilimkaa sawasawa. Kwenye kile chumba chake chenye kiti kimoja cha kuzunguka, alimnyoa baba, akamnyoa mwana, akaja kumnyoa na mjukuu.

Mambo yalianza kwenda mrama taratibu. Kwanza bega la kushoto likawa linagonga fremu ya mlango. Halafu siku moja mwalimu, mteja wake wa siku nyingi, alijitazama kiooni akacheka.

"Wembe, ndevu za upande huu umeniachia za akiba?"

Benchi zima la wateja likaangua kicheko. Wembe naye alicheka. Lakini upande ule alikuwa ameutazama, asione kitu.

Mkewe alimsihi aende hospitali.

"Ni mtoto wa jicho tu, mke wangu. Wanasema akomae kwanza."

Akangoja miaka miwili, ukungu ukizidi, ndipo akaenda.

Daktari wa macho, mama mwenye sauti ya upole, alimpima presha ya macho, akamulika ndani kwa muda mrefu.

"Kwenu kuna mtu aliyepofuka?"

"Dada yangu. Ila yeye ni uzee."

"Alikuwa na umri gani?"

Wembe akapiga hesabu. Hamsini na mbili. Yeye mwenyewe alikuwa na hamsini na nane.

"Una magonjwa mawili, baba," daktari alisema. "Mtoto wa jicho namtoa, naweka lenzi, ukungu unaondoka. Lakini nyuma yake kuna glakoma. Presha imeua mshipa wa kuonea, na kilichokufa hakirudi. La kushoto limekwisha. Tupiganie la kulia."

Akamweleza njia tatu. Angeweza kutoa mtoto wa jicho peke yake, matone yakaendelea maisha yote. Angeweza, katika upasuaji huohuo, kupachika kijibomba kidogo kuliko punje ya mchele ili maji ya jicho yapite. Kidonda chake ni chepesi, ila kwa presha kubwa namna ile huenda kisitoshe. Au angefungua kinjia cha maji chini ya kope la juu. Hicho hushusha presha zaidi, lakini kinaweza kuziba kwa kovu au kuingiwa na vijidudu, na kurudi kliniki mara kwa mara hakukwepeki.

"Ningekuwa baba yako je?"

"Ningekufungulia kinjia."

Akakubali, akapasuliwa. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, alimwona mkewe.

"Nywele zako zimekuwa nyeupe lini?"

"Zamani. Hukuwa unaniona?"

Machozi yakamtoka. Uso wa mkewe aliuona waziwazi, kama anayechungulia kwenye bomba. Mkono uliokuja kumfuta machozi hakuuona mpaka ulipomgusa.

Miezi mitatu baadaye alifungua tena chumba chake cha kunyolea. Mwalimu akaketi, akafungwa kitambaa. Wembe alipoinua wembe alimwona kiooni: amefumba macho, taya zimekaza, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Wembe akaukunja wembe. "Nenda kwa yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mwalimu wangu."

Hakuna aliyecheka.

Kabla wiki haijaisha akampeleka bintiye kupimwa, kwa kuwa daktari alisema ugonjwa huu hufuata damu. Presha ya binti ilikuwa juu, mshipa bado mzima. Akaanzishiwa matone. Wembe alikwenda moja kwa moja kwa dada yake kumpa habari. Huyu ndiye dada ambaye Wembe alimkaripia miaka nenda rudi kwa kumwaga chai na kugonga meza.

"Dada, nisamehe kwa yale maneno yangu."

"Hukujua, mdogo wangu." Vidole vyake vikatafuta ukingo wa kiti. "Kwa hiyo huyo mtoto ataendelea kuona?"

"Wanasema ataona."

"Kwa matone tu?"

"Kwa matone."

"Na mimi, ningepelekwa mapema?"

Wembe angeweza kudanganya. Akasogeza kiti, akamshika mikono yote miwili.

"Ungeona, dada."

Dada akaitikia kwa kichwa, tena na tena.