Bendera ya Njano ya Baba

Bendera ya baba ilikuwa nje inapepea. Baba mwenyewe alikuwa ndani, amekufa.

Ngoja nieleze. Mtaa wetu, kule Shimane, Japani, umebaki na wazee watupu. Asubuhi kila mmoja hutundika kitambaa cha njano mlangoni, maana yake ameamka salama. Jioni anakitoa. Usipokitundika, majirani wanakuja kugonga.

Mimi naishi Osaka. Baba alipoacha kupokea simu, nikampigia mwenyekiti wa mtaa. Akanituliza, akasema bendera ya mzee iko nje kama kawaida.

Moyo ulikataa. Nikapanda treni.

Nilimkuta sakafuni jikoni, kando ya bakuli la supu iliyochacha. Daktari alisema hakufa siku ile aliyoanguka. Angegongewa mlango mapema, pengine angepona.

Sasa bendera alikuwa anaitundika nani?

Msibani, Bi Kinuyo, jirani wa ukuta kwa ukuta, alinipigia magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Mwanangu, nilikuwa namtundikia mimi."

Kumbe baba alishaanza kusahau. Akisahau bendera, mtaa mzima unamiminika mlangoni kwake. Na baba alikuwa mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Basi anazunguka nyumba kwa nyumba na vikeki vya maharage, anaomba msamaha kwa usumbufu.

Bi Kinuyo akamwonea huruma. Akawa anamtundikia alfajiri na kumtolea jioni, kimyakimya, asiaibike.

"Alidhani ameitundika mwenyewe," akasema. "Alikuwa ananitambia kwamba kumbukumbu zake zimerudi."

Nilimchukia, sifichi. Nilimwambia atoke.

Siku ya kurudi Osaka, nikapita mbele ya nyumba yake na begi langu. Mlango wake haukuwa na bendera.

Nusura nipite zangu. Kisha nikagonga. Kimya. Nikagonga tena huku namwita.

Akafungua, macho yamevimba. Akasema hana tena uso wa kutundika bendera mbele ya watu. Akainama.

"Samahani kwa kukusumbua, mwanangu."

"Nisumbue," nikamwambia. "Nisumbue tu, mama."

Tukalia palepale mlangoni, mimi na mtu ambaye wema wake ulinimalizia baba.

Wewe unayesoma hapa, kama una mzazi au jirani anayeishi peke yake, usiridhike na bendera. Gonga. Akikununia kwa kumsumbua, shukuru. Yuko hai.