Keziah Agoma Kurudi Nyuma

Keziah Tranter alikuwa mjane wa mferejini, mwenye mdomo uliowatisha hata farasi wanaovuta mashua kutoka ukingoni. Alizaliwa ndani ya mashua ya kubebea makaa ya mawe, akaolewa humo, na humo humo mumewe akafia.

Siku moja alikuwa akipanda kilima kwa ngazi ya malango ya mfereji, ambako maji hujazwa ili kuinua mashua chumba hadi chumba. Katikati akakutana na Enoch Dabbs, mwanamashua mwenzake, akishuka na shehena ya chumvi. Humo mashua hazipishani. Lazima mmoja arudi.

"Rudi nyuma, mama!" Enoch akapaza sauti.

"Rudi wewe, uliyezaliwa umetanguliza matako!"

Keziah akawasha jiko, akaanza kukaanga nyama ya nguruwe kana kwamba yuko nyumbani. Nyuma yao mashua zikasongamana, wenye mashua hizo wakiporomosha matusi, mpaka kasisi akaitwa kuwapatanisha.

"Binti yangu," kasisi akasema, "Mungu huwapenda wanyenyekevu."

"Basi mwambie Enoch, Baba. Huyo hajawahi kupendwa na mtu."

Watu wakaangua kicheko. Enoch naye akacheka mpaka kofia ikamdondokea majini, kisha akamgeuza farasi wake, akairudisha mashua juu. Walipopishana huko kwenye mfereji mpana, Keziah akamrushia kipande cha mkate chenye nyama.

"Kula. Najua unainusa tangu asubuhi."

Kabla ya Krismasi wawili hao walikuwa mbele ya madhabahu wakifunga ndoa. Keziah alipoulizwa kama atamtii mumewe, alijibu kwamba atalifikiria.