Anayesoma Vitisho Mara Tatu

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Bahasha ameshavaa miwani. Mezani kuna gunia la barua, kisu cha siagi kisicho na makali, na kikombe cha chai ambacho anajua fika kitapoa kabla hajakigusa.

Anafungua bahasha ya kwanza. Bomba limepasuka. Ya pili, jirani amejenga ukuta juu ya mtaro. Ya tatu anaisoma, anavua miwani, anaifuta kwa upindo wa kanga, kisha anaanza upya.

"Huyu anasema atanivunja shingo," anasema kwa utulivu. "Lakini ngoja kwanza. Hasemi lini."

Yeye ni karani wa barua katika ofisi ya manispaa, chumba namba sita, mwisho wa korido, mkabala na stoo ya mafagio. Ana miaka hamsini na mbili, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia humu ndani. Kwa siku hupokea barua zipatazo sitini. Tatu au nne kwa wiki huwa na vitisho.

"Mama yangu alikuwa ananichapa kwa kusoma barua za watu," anacheka. "Leo serikali inanilipa. Kidogo, lakini inanilipa."

Zamani barua ya tishio ilikuwa na njia mbili: kituo cha polisi, au pipa la taka baada ya ofisi nzima kuicheka. Miaka miwili iliyopita serikali ilitoa mwongozo mpya wa kuzuia mashambulizi ya watu wenye misimamo mikali kabla hayajatokea. Ni kitabu cha kurasa sitini, na wengi hapa wanakiegemezea mlango usijifunge. Mama Bahasha alikisoma chote.

Ukurasa wa thelathini na moja ulimhusu yeye. Unaagiza kila tishio lisomwe kikamilifu, litafutwe shauri, yaani dai la mwandishi, lililo ndani yake, kisha lipelekwe ndani ya siku mbili kwa kamati ya watu watatu: afisa ustawi wa jamii, mshauri nasaha na askari asiyevaa sare.

Ndiyo maana anasoma mara tatu. Mara ya kwanza anaiacha hasira ipite. Mara ya pili anatafuta siku, saa na mahali. Mara ya tatu anatafuta kilichomuuma mwandishi.

"Mwenye hasira anaandika ya jana," anaeleza. "Wa kumwogopa anaandika ya kesho."

Leo lakini macho yake hayatulii kwenye karatasi. Kila baada ya dakika chache yanapanda ukutani, kwenye saa. Saa tano kamili atakuja mtu aliyewahi kupanga kuichoma ofisi hii.

Ni fundi baiskeli, mjane, umri unakaribia sitini. Kwa muda wa mwaka mmoja aliandika barua saba, sita za mwisho bila kuweka jina. Ya pili ilikuwa ya manung'uniko, ya tatu ya matusi. Kuanzia ya nne maneno yakaanza kubadilika: makarani wote wakawa "maadui wa wananchi", lugha aliyookota kwenye kikundi cha mtandaoni kilichokuwa kikimwambia usiku na mchana kwamba ofisi za serikali haziponi ila kwa moto.

Ya saba ilikuwa na mistari miwili tu. Aliwashukuru. Alisema hatawasumbua tena, na kwamba Ijumaa, saa tatu, watu wakijaa dirisha namba nne, watamwelewa.

"Wenzangu walifurahi. Wakasema afadhali, mzee ametuaga," anakumbuka. "Mimi nywele zilinisisimka. Mtu aliyekutukana mwaka mzima hawezi kuamka tu akakushukuru."

Ilikuwa Jumatano. Alipanda ngazi mbili mbili na magoti yake haya mabovu hadi kwa kamati. Jina halikuwepo, ila shauri lilikuwepo: barua ya tano ilitaja mke aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa na kufariki kabla ya kulipwa mafao. Katika madirisha yote ya manispaa, faili la namna hiyo lilikuwa moja.

Alhamisi, afisa ustawi na mshauri walibisha hodi kwa mzee huyo. Askari alisubiri kwenye kona. Walikuta madumu mawili ya petroli chini ya meza ya kazi, na mzee aliyewauliza kama wameleta habari za faili.

Hakuna aliyeumia. Mahakama ilimweka chini ya uangalizi, akahudhuria vikao vya ushauri kwa miezi tisa. Na faili? Lilikuwa ghorofa ya pili, droo ya chini, likisubiri muhuri mmoja.

Leo anakuja kuchukua hati ya mafao ya mkewe. Mwongozo unaficha jina la aliyetoa taarifa, na Mama Bahasha angeweza kukaa zake chumba namba sita asijulikane milele. Ameomba yeye mwenyewe amkabidhi.

Mumewe, mwalimu wa udereva, hakulala kwa hilo. "Nilimwambia, mwenzangu, umeshamaliza kazi yako, nyuki wametulia, unawachokoza kwa nini?" anasimulia kwa simu. "Lakini huyu mwanamke akitaka kujua jambo, hata breki hana."

Kuna sababu ambayo hata mumewe hakuambiwa. Barua ya kwanza, ile iliyozitangulia nyingine zote, haikuwa na tishio. Ilikuwa ya kurasa tatu, yenye jina na anwani, imeanza kwa heshima na taadhima, ikiomba msaada. Aliipokea yeye. Aliigonga muhuri na kuiweka kwenye trei iliyo juu ya kabati, ambayo makarani huiita Subira, akaisahau mpaka fundi alipojulikana.

"Ukurasa wa thelathini na moja unasema tusome vitisho," anasema taratibu. "Hausemi chochote juu ya anayeomba kwa adabu. Nataka nimwambie mwenyewe. Naogopa, lakini nataka."

Saa tano na dakika saba, fundi anaingia na afisa ustawi. Ana shati lililopigwa pasi na mafuta meusi kwenye kucha. Anaketi kwenye ncha ya kiti.

"Shikamoo" hakuna, umri haupishani sana. Wanasalimiana kwa kaka na dada. Anasaini, anapewa hati, anaisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari.

"Barua zangu," anauliza bila kuinua kichwa, "alikuwa anasoma nani?"

"Mimi, kaka. Na mimi ndiye niliyezipeleka kwa kamati."

Fundi anaitikia kwa kichwa. Yaelekea hilo halimshangazi.

"Na ile ya kwanza niliipata," anaendelea Mama Bahasha. "Ilifika mikononi mwangu. Sikuijibu. Nisamehe."

Afisa ustawi anaangalia viatu vyake.

"Kumbe ilifika," anasema fundi. "Mimi nilikuwa najipa moyo kwamba imepotea njiani." Anaikunja hati, anaitia mfukoni. "Iliwekwa wapi?"

Anamwonyesha. Fundi anainuka, anaitazama trei iliyofura karatasi.

"Zote hizi ni zangu?"

"Hapana, kaka. Yako moja."

"Wangapi humo, dada?"

"Sijawahi kuhesabu."

Hasemi amesamehe, wala hasemi hajasamehe. Mlangoni anageuka. "Jumatatu nitapita kuuliza."

Akishaondoka, Mama Bahasha anapanda juu ya kiti kuishusha trei, na wenzake wawili wanamshika kiuno asije akavunjika. Anahesabu kwa sauti, vumbi likimpalia. Ni barua arobaini na moja. Ya chini kabisa ina miaka mitatu. Anakaa chini kuisoma: mwanamke anaomba, tafadhali, ajulishwe alikosea wapi kujaza fomu.

Anataka mwongozo uongezewe mstari mmoja, kwamba barua ya adabu nayo ijibiwe ndani ya siku kumi na nne. Ameshauandika kwa mkono na kuupeleka kwa mkuu wa kitengo, kijana ambaye yeye Mama Bahasha humwita bosi ofisini na mwanangu wakati wa chakula. Kijana ameahidi kuufikisha ngazi za juu. Kuhusu zile arobaini na moja, Mama Bahasha anapanga kuja kila Jumamosi mpaka aliyeandika ya mwisho apate jibu.

Bosi anakuna kichwa. "Mama, bajeti ya muda wa ziada hatuna. Sitapata hela ya kukulipa."

"Sijaomba hela, mwanangu," anasema. "Nimeomba ufunguo."