Asubuhi Tuliyomweka Mtoto Njiani

Mwanangu wa kwanza aliishi siku kumi na tisa. Wa pili aliishi ishirini na tatu. Daktari alinieleza kwa maneno marefu ambayo, kwa lugha ya jikoni, yalimaanisha kwamba naye hajui. Kwa hiyo wa tatu alipozaliwa mwanzoni mwa Desemba, sikumshangilia. Nilimnyonyesha, nikamwogesha, nikambadilisha nepi, na muda wote niliepuka kumtazama machoni. Jirani zetu pale Kisumu walisema nina moyo mgumu. Wangejua! Moyo ulikuwa laini kupita kiasi, ndiyo maana niliufungia.

Krismasi ilikuwa inamkuta ana siku ishirini na mbili. Nilihesabu kila asubuhi kabla sijafumbua macho vizuri.

Tulikwenda kwa mama mkwe, mlimani juu ya Luanda Kotieno, mahali ambapo kutoka uani unaiona feri ikivuka kwenda Mbita. Mume wangu huuza misumari na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, na angetufuata Krismasi yenyewe saa sita mchana. Basi tukabaki wanawake wawili na mtoto. Mimi ni mtu wa Vihiga, sikuzaliwa ziwani, na Kijaluo changu ni cha kununulia samaki tu. Mimi na mama mkwe tuliongea Kiswahili, kila mmoja akikivunja upande wake.

Mama mkwe ni mtu wa kanisa hasa. Kitambaa chake cheupe cha kichwani hukipiga pasi kila Jumamosi, na Jumatano hafungui kinywa kwa chakula. Ndiyo maana nilishtuka siku ya mkesha, alasiri, tukichambua mchele, aliposema bila kuinua uso:

"Hii mtoto lazima tutupe."

Ungo nusura uniponyoke.

"Si kutupa ya kuacha," akasema. "Tunaweka yeye kwa njia panda asubuhi. Kuna mama atapita, ataokota, atarudisha hapa kama mtoto ya kuokotwa. Kifo ikikuja kutafuta mtoto yako, inakuta wewe huna."

"Na Mungu, Mama?"

"Nyasaye anajua ni yetu. Si yeye tunadanganya." Akapuliza makapi. "Bwana yako nilitupa hivyo hivyo. Si uko naye?"

Nilikuwa naye, kweli. Na jina lake, nilijua, kwa Kijaluo ni la mtu aliyetupwa utotoni.

Mimi ni mgomvi. Nagombana na makondakta, nagombana na wauza nyanya, na Jumapili iliyotangulia niligombana na mahubiri kimoyomoyo. Mhubiri aliposoma jinsi malaika alivyowaambia wachungaji wasiogope, nilijisemea kwamba ni rahisi kwa malaika, yeye hana mtoto. Mtu wa namna hiyo angetegemewa kukataa. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nilisema sawa, Mama.

Asubuhi ya Krismasi jua lilipochomoza tulimfunga katika shuka kuukuu, kwa sababu kitu cha kutupwa hakivishwi vizuri, tukamlaza kwenye nyasi pale njia ya kanisani inapokutana na ya kwenda ziwani. Sharti lilikuwa moja. Mama mzazi asionekane wala asiitikie kilio, hata kiwe kikubwa namna gani, mpaka mtoto aletwe. Nikitoka, nimekiri kuwa ni wangu, na yote yameharibika. Tukajificha nyuma ya ua wa minyaa.

Mwokotaji alikuwa mjane mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na alipaswa kupita mara moja. Hakupita. Baadaye alieleza, bila haya hata kidogo, kwamba alikuwa anangoja makaa yashike apige pasi gauni, maana hawezi kuokota mtoto wa watu siku ya Krismasi amevaa nguo ya kazi.

Waliopita ni wengine, waliokuwa wakienda ibada ya kwanza. Walimwona. Walijua. Na kwa kuwa anayemwokota mtoto kama huyo huwa kama mama yake wa pili maisha yote, kila mmoja aligeuza uso na kumzunguka kwa uangalifu, kama watu wanavyozunguka omena iliyoanikwa. Sikuwalaumu. Walikuwa wanatusaidia.

Mtoto akaanza kulia. Maziwa yakanitoka yenyewe, kifua kikalowa chote. Mama mkwe akanishika mkono. Mtoto alilia, akalia, kisha akanyamaza.

Ule unyamavu niliujua. Nimeusikia mara mbili katika chumba changu mwenyewe. Sijui niliruka ua au nilipita katikati yake. Ninachojua ni kwamba utomvu wa mnyaa uliniunguza mikono juma zima.

Alikuwa macho. Alikuwa ananyonya ngumi yake, anatazama juu. Nikamwinua, na kwa mara ya kwanza nikamtazama machoni, nikamtazama sana, mbele ya watu wote waliokuwa njiani.

"Umeharibu!" mama mkwe alisema nyuma yangu. "Umeharibu, nyathina!" Mwanangu, ndivyo alivyoniita.

"Mama," nikamwambia, "kama ni wa kufa, hatakufa akidhani hakuna aliyemtaka."

Nilitarajia anigombeze. Badala yake alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na gauni lake la kanisani. Akalia bila sauti. Nikakaa karibu naye, nikampa mtoto ziwa.

"Mimi nilitupa wanne," akasema mwishowe. "Wote nilitupa vizuri, na masharti yote. Bwana yako peke yake ndio alibaki."

Miaka yote hiyo alikuwa amemhesabu yule mmoja, akawanyamazia watatu. Sikumwona mwongo. Nilimwona mama mwenzangu, aliyeogopa muda mrefu kuliko mimi.

Mtoto yule alipita siku ya ishirini na tatu, na ya ishirini na nne, na leo ananimalizia sukari. Nasema hivyo bila kujigamba. Wawili waliomtangulia sikuwapenda kidogo kuliko yeye, wala sikuwaombea kidogo. Sijui kwa nini yeye. Mtu akiniambia anajua, humwacha nikaenda zangu.

Lakini asubuhi ile hatukujua lolote la kesho. Nilikuwa sijaomba tangu tumzike yule wa pili. Nilikuwa nakwenda kanisani, nasimama, nakaa, basi. Pale chini, mtoto akiwa kifuani, nikafungua mdomo na sauti ikatoka, kavu.

"Mungu," nikasema, "huyu ni wetu. Tunamtaka. Naogopa, na sitamficha tena."

Sikuwa na maneno mengine. Mama mkwe akajipangusa uso kwa kile kitambaa cheupe, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha mtoto.

"Amina," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, akaanza kuwataja wale watatu, mmoja mmoja, kwa majina yao.