Upande wa Kushoto wa Cherehani

Baba yangu alikuwa fundi wa gomesi. Nasema alikuwa, ingawa yu hai na juzi tu amenigombeza kwa sababu ya chai iliyopoa. Kwa miaka mingi cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja mjini Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ambapo malori yanayosubiri kuvuka hutimua vumbi juu ya kila kitu. Alishona sare za shule pia, na suruali za makarani wa forodha, lakini hizo alizishona kimya, kama mtu anayemaliza adhabu. Gomesi alishona akipiga mluzi.

Asiyeijua gomesi aelewe jambo moja: ni nguo kubwa ya wanawake wa Uganda. Ni mita sita za kitambaa, mara nyingine zaidi, kutoka shingo ya mraba hadi kwenye vidole vya miguu, na juu ya mabega mikono yake huinuka na kuchongoka. Sindano ya cherehani iko kushoto na gurudumu liko kulia, kwa hiyo nguo yote humwagikia kushoto na, isiposhikwa, huburuza sakafuni. Huko kushoto ndiko nilikokulia mimi. Nilikaa kwenye kigoda nimekumbatia hariri ya mke wa mtu, kazi yangu ikiwa kuhakikisha haigusi chini. Nilianza kabla sijajua kusoma. Joto la mchana, mluzi wa baba na mlio wa kanyagio vilinilevya, nikasinzia, na nguo ikaanza kuteleza. Baba hakugeuka wala kufoka. Alikivuta kitambaa mara moja tu, nami nikashtuka na kusema, "Sijalala." Kila mara nilikuwa nimelala.

Nyumbani tulisema Kiswahili, kwa sababu baba ni Msamia wa Lumino na mama ametoka Kirewa, kule Tororo, na kila mmoja aliona lugha ya mwenzake ina makelele. Kilikuwa Kiswahili cha mpakani. Mwalimu wangu mmoja aliyekulia ng'ambo ya Kenya alikuwa akikisikia anafumba macho kama aliyekanyagwa kidole. Mpaka leo nikisikia mtu anaongea hivyo, hata kama ananikosea adabu, moyo wangu unalainika.

Baba hakuwapima wanawake kwa utepe. Aliona haifai kuzungusha mikono kwenye kiuno cha mke wa mwenzake, hata kwa kazi. Alimwomba mteja atembee kutoka barazani hadi barabarani, ageuke, arudi, basi. Kisha alikuwa akisema kwamba bega la kulia limeshuka kwa kubeba debe, au kwamba kuna mimba ambayo mwenyewe hajaitangaza, na tuongeze kitambaa. Alikumbuka mwili wa kila mwanamke aliyewahi kumshonea, tangu Majanji hadi Tororo mjini. Kumbukumbu hiyo haikumtoka kamwe, na ndiyo iliyotudanganya baadaye.

Nilipomaliza shule alininunulia kitambaa cha zambarau chenye maua ya dhahabu, akakiweka kwenye sanduku la bati la mama. Alisema ni cha gomesi ya siku ile wageni watakapokuja kunitaka, na kwamba hakuna fundi mwingine atakayekigusa. Mimi sikuwa na haraka. Nilipata kazi Busitema, nikawa mtu mzima, nikawa shangazi wa watoto wa wenzangu wote, na mama akabadilisha dawa ya nondo kwenye sanduku lile mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Majirani waliponiuliza kitambaa kinaendeleaje, niliwajibu kwamba kinazeeka vizuri kuliko wao. Hatimaye alijitokeza mwanamume mwenye subira, mwalimu wa hesabu, na siku ikapangwa.

Miezi minne kabla ya siku hiyo, baba alipatwa na kiharusi. Alikuwa barazani, asubuhi, na kikombe kilimwanguka kutoka mkono wa kushoto bila yeye kujua kwamba hakishiki tena. Tulimkimbiza hospitali Tororo. Baada ya majuma machache alirudi nyumbani Lumino akichechemea, mkono una nguvu ya kutosha kushika mkasi, maneno yametulia, akili yake, tulivyoona sisi, ni ileile. Alimtania mama kwa vituko vya miaka thelathini iliyopita. Tulitoa shukrani kanisani. Tulidhani mambo yamekwisha.

Kisha ukaja ule mchana wa samaki. Mama alimtengea kalo, ule ugali wetu wa wimbi, na bakuli la ngege wa mchuzi, samaki aliyempenda kuliko wote. Baba alikula kalo mpaka katikati ya sahani, akaacha nusu nzima, akanawa mkono. Halafu akauliza kwa huzuni ya kweli, "Leo munanipa kalo tupu? Samaki iko wapi?"

Bakuli lilikuwa mbele yake, kidogo tu upande wa kushoto, linatoa moshi. Mama alidhani anatania, akacheka. Alipoona hatanii, akakasirika, kwa sababu alikuwa ameamka mapema kumtafuta samaki huyo. Ikawa hivyo kila siku. Alikula nusu ya chakula na kulalamika njaa. Alinyoa shavu moja. Watu waliopita njiani upande wa kushoto walimwamkia asiitike, na kwetu mtu asiyeitika salamu amekutukana. Kina mama aliowashonea gomesi za harusi walianza kusema kwamba fundi ameringa tangu augue.

Nilikuja mwishoni mwa juma moja nikamkuta mama analia jikoni. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Nilimwendea baba alipoketi, nikasimama kando yake, nikamwambia kwamba ugonjwa si ruhusa ya kumdharau mtu anayekupikia. Niliongeza na mengine ambayo sitayaandika. Yeye akageuza uso kulia, mbali nami, akawa anatazama ukuta. Nikaona ananipa mgongo. Nikaondoka bila kuaga, nikashinda na hasira hiyo juma zima huko Busitema. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake. Alikuwa ananitafuta.

Wakati huo tayari alikuwa ameanza kushona. Cherehani ilikuwa imehamishiwa chumba cha nyuma, naye alijifungia humo kila asubuhi bila kuruhusu mtu. Niliporudi, alitoka akichechemea na nguo ya zambarau begani, uso umemng'aa kama zamani. "Vaa," akaniambia.

Nilivaa. Mkono mmoja ulikuwa umeinuka na kuchongoka vizuri kuliko gomesi yoyote niliyowahi kuona. Upande wa pili hapakuwa na mkono, palikuwa na tundu tu, na nyuzi za kitambaa zinaning'inia. Upindo wa chini ulishonwa kwa ustadi mpaka katikati, kisha ukaachwa. Mama alitoka nje. Baba alinitembeza mpaka mlangoni, akaniambia nigeuke, nirudi, kama alivyowafanyia wateja wake wote. Akasema imekaa sawasawa. Hapo ndipo hasira zangu zote zilipokufa, kwa sababu niliona kwamba baba hatudharau wala hatanii. Alikuwa ameimaliza.

Tulirudi naye Tororo. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya taratibu. Alipima macho, akasema macho ni mazima. Kisha akampa karatasi na kalamu, akamwomba achore kitu chochote anachokijua vizuri. Baba akachora gomesi. Ilikuwa na bega moja, mkono mmoja, nusu ya shingo, nusu ya mshipi. Daktari alipomuuliza kama imekamilika, alijibu kwamba amefanya kazi hii tangu kabla daktari hajazaliwa.

Daktari alitueleza kwamba damu ilikosa kufika sehemu fulani ya ubongo upande wa kulia, na sehemu hiyo ndiyo humwamuru mtu aangalie wapi. Jicho linaona, mkono unaweza, kumbukumbu ipo, ila ubongo hautumi tena mtu yeyote upande wa kushoto. Na kwa kuwa hautumi, haujui kwamba kuna kitu kinakosekana. Nikamwambia ni kama wakati wa korona, pale mpaka wa Busia ulipofungwa. Busia ya Kenya ilikuwepo palepale, tunaisikia hata redio zake, lakini hakuna aliyevuka. Akasema ndiyo, karibu hivyo, na kwamba huo mpaka huweza kufunguka kidogo kidogo, mtu akisaidiwa kukumbuka kuvuka. Tumguse upande huo. Tumwekee kitu chekundu pembeni akitafute kabla ya kuanza kazi yoyote. Tusimkemee.

Baba akauliza, bila kumtazama yeyote, "Kwa hivyo ile nguo ya mtoto iko nusu?"

Tulipofika Lumino alimwambia mama aikunje nguo. "Peleka kwa fundi ingine," akasema, na akaenda kulala mchana kweupe, yeye ambaye hakuwahi kulala mchana.

Mama aliikunja. Alikuwa na jina la fundi mzuri wa Busia, na majuma matatu yalikuwa yamebaki. Ningeweza kupata gomesi isiyo na kasoro na kusema basi, Mungu amependa. Lakini kitambaa kile kilikuwa kimenisubiri miaka yote hiyo kwa sharti moja tu, na nilijua kwamba nikimpelekea mtu mwingine, baba hataketi tena kwenye cherehani maisha yake yote. Niliomba likizo Busitema.

Gomesi ya baba niliivaa siku ya wageni, niseme hilo mapema. Picha zipo. Bega moja limeinama kidogo, na shangazi mmoja alinong'ona, na mimi nikamtazama mpaka akaacha. Lakini siku ile siikumbuki kama ninavyokumbuka alasiri ya kwanza ya kazi.

Nilifunga utepe mwekundu kwenye kona ya kushoto ya meza. Nikaleta kigoda, kile kile, ambacho sasa magoti yangu yanafika karibu na kidevu nikikikalia. Nikakaa kushoto, nikaikumbatia nguo isiguse sakafu. Baba aliletwa na mama, akakaa, akapapasa gurudumu. Akauliza mimi niko wapi, maana aliambiwa nitamsaidia. Mama akataka kujibu, nikamwashiria anyamaze, nikaishika nguo vizuri zaidi. Baba akaanza kukanyaga. Baada ya muda akapiga mluzi, hafifu, ule wa barazani.

Alishona mpaka pale ambapo kwake dunia iliishia, akakoma. Akakata uzi. Akakunja mikono mapajani kama mtu aliyemaliza.

Nikakivuta kitambaa, mara moja.

Aliuangalia mkono wake wa kulia kwanza. Nikavuta tena. Kichwa kikaanza kugeuka, polepole, kikapita sindano, kikapita utepe mwekundu, na vidole vyake vikaifuata hariri mkunjo kwa mkunjo mpaka vikagusa vyangu. Akanitazama usoni, upande huo ambako hakuwa amemtazama mtu tangu alipougua.

"Sijalala," akasema.

Kisha akaomba uzi wa zambarau, nami nikampa.