"Eee" ya Mwenyekiti

Nilipata kazi ya kufunga mitambo ya mikutano katika ofisi ya chama cha wachimbaji wadogo, pale Nyasubi, Kahama. Chama kina wanachama wa dhahabu wa huku kwetu na wa almasi wa Maganzo, na viongozi walikuwa wamechoka kusafirishana kwa ajili ya kikao cha saa mbili. Wakaamua wenzao wa Maganzo wawe wanaingia kwa simu. Nikapanga maiki nane mezani, spika mbili ukutani, na mikisa ndogo ya kuchanganyia sauti, inayojiendesha: mtu akianza kusema maiki yake inafunguka, akinyamaza inajifunga. Mipangilio yote niliifanya kwenye laptopu yangu.

Katibu, mama asiyependa kupoteza muda, alinipa sharti moja.

"Fundi, watu wetu wakishapandisha sauti hakuna anayemsikia mwenzake. Nataka mwenyekiti akifungua mdomo, wengine wote wazimike. Hata Maganzo."

Nikamwambia inawezekana. Uwezo huo wa mikisa nilikuwa nimeusoma tu kwenye kitabu cha maelekezo, sijawahi kuutumia, na nilifurahi kupata sababu. Nikaipa maiki ya mwenyekiti kipaumbele, nikaijaribu kwa kusema "moja, mbili" mara kadhaa, nikaona nimekuwa fundi kamili.

Asubuhi ya kikao mwenyekiti aliingia akimpa kila mtu mkono. Ni mzee wa Kisukuma aliyeanza kuchimba tangu kijana, mpole, kofia haimtoki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanigeuzia "mwangaluka" ili anisikie nikiitikia kwa Kisukuma. Nilipoitikia akacheka, akaketi.

Ajenda ya kwanza ilikuwa maji ya kuoshea mchanga kule Maganzo. Mama mmoja anayewasimamia wachimbaji wanawake wa huko akaanza kueleza kwa simu.

"Mwenyekiti, sisi kinamama tunatembea mbali mpaka…" Kimya. "…na lile bwawa ng'ombe…" Kimya tena. "…kwa hiyo tunaomba…"

"Hatukusikii, mama," katibu akasema. "Rudia."

Akarudia. Akakatika palepale. Nikalaumu mtandao, nikachomoa waya na kuuchomeka upya, nikahamisha simu dirishani. Mara ya nne yule mama akasema polepole, na bahati mbaya hayo yote yalisikika vizuri: "Kama mwenyekiti hataki kunisikiliza, aseme tu."

Mzee wa watu akashika kifua. "Mimi? Mbona namsikiliza sana!"

Nikaacha waya, nikakodolea macho laptopu. Kwenye skrini, taa ya Maganzo ilikuwa inazimika kila mara taa ya mwenyekiti inapowaka. Nikamtazama. Alikuwa ameinama mbele, kichwa kinatikisika, na kila mara mama wa Maganzo alipofika mwisho wa maneno matatu, yeye alikuwa anaitikia: "Eee… eee…" Ndivyo tunavyosikilizana nyumbani. Kadiri alivyozidi kumheshimu, ndivyo mtambo wangu ulivyozidi kumnyamazisha.

Nikamnong'oneza katibu. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge, kisha akakataa katakata kumwambia mzee. "Mtambo umeufunga wewe. Mwambie wewe."

Nikachuchumaa kando ya kiti chake. "Mzee, samahani. Ni ile 'eee' yako. Ukiitikia, mtambo unadhani umeanza kuhutubia, unawazima wengine."

"Eee?" akasema, na taa yake ikawaka.

Alikubali kujaribu kunyamaza. Akabana midomo, akakunja mikono. Mama wa Maganzo akaanza tena, safari hii bila kukatika, akafika kwenye ng'ombe, akasita.

"Mwenyekiti, upo?"

Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu, jambo ambalo Maganzo hawakuweza kuliona.

"Jamani, amekasirika?" sauti ikauliza.

"Siwezi hii kazi," mwenyekiti akaniambia. "Mtu anaongea na mimi, nimkalie kimya kama ukuta? Atadhani nimemdharau."

Nikaona aibu kidogo, maana nilikuwa namrekebisha mzee badala ya kurekebisha mikisa. Nikaomba dakika tano. Nikaondoa kipaumbele cha sauti, nikakihamishia kwenye kitufe kilichopo chini ya maiki yake. Akikibonyeza, wote wazimike. Asipokibonyeza, aitikie anavyotaka, na sauti yake ipite pamoja na za wengine. Katibu akaridhika.

Mama wa Maganzo akaeleza mwanzo hadi mwisho: umbali, bwawa linalovurugwa na mifugo, na sehemu ambayo wao wenyewe wameona tangi lingefaa kukaa. "Eee" za mzee zikamfikia moja baada ya nyingine, na nikasikia sauti yake ikilegea, akaanza hata kutania. Wakakubaliana wajumbe wawili waende kupaona wiki hiyo.

Mwenyekiti akafunga kikao, watu wakainuka. Lakini simu haikukatwa. Kinamama waliokuwa mezani wakasogea kwenye maiki kuwauliza wa Maganzo habari za watoto, za mahindi, za yule mwenzao aliyejifungua. Katibu akanitazama, akavuta kiti, akaketi nao. Nikaiacha laptopu wazi, nikaenda kujimiminia chai.