Taa Iliyotangulia

Nyumbani walimwita Profesa, na si kwa sifa. Kazi yake ilikuwa kufufua kompyuta mpakato zilizochoka kwa kuzitia mfumo endeshi mpya wa bure. Kilichomsumbua zaidi ni vile vitufe maalumu vya safu ya juu: cha mwanga, cha sauti, cha maiki. Kila kiwanda huvipa namba zake, na mfumo usiozijua haushtuki, bonyeza mpaka kidole kiote sugu. Hapo ndipo Profesa huandika draiva, programu ndogo ya kuufundisha mfumo: ukiona namba hii, fanya hivi.

Kompyuta ya dada yake aliitengeneza kwa moyo wote. Dada alikuwa mshauri nasaha. Wenye majonzi walimpigia kwa mtandao, akawasikiliza kwa visikizio pale sebuleni. Nyumba ikianza makelele, alibonyeza kitufe cha kufunga maiki, taa nyekundu ikawaka, akajua wapigaji hawasikii.

Asubuhi hiyo taa iliwaka kama kawaida. Mama yao akapita na beseni la nguo.

"Yule wa kulia bado hajamaliza? Machozi yake yangetosha kufulia hizi."

Dada alivua visikizio taratibu. "Amesikia. Amekata."

"Si unasema ikiwaka hawasikii?"

"Iliwaka, mama!" Akamgeukia Profesa, mdogo wake. "Kila siku anapiga, analia, haongei. Leo ndiyo kwanza alimtaja mwanawe aliyefariki. Asiponirudia mimi, hana mwingine wa kumwambia."

Profesa alijua kosa liko wapi. Alikuwa ameiandika draiva iwashe taa papo hapo kitufe kinapobonyezwa, bila kusubiri upande wa sauti ujibu kwamba maiki imefungwa kweli. Siku zote viwili hivyo vilikwenda pamoja. Leo kompyuta ilikuwa ndiyo kwanza imetoka usingizini. Sauti ikazubaa, taa ikatangulia. Angeweza kusema kifaa ni kibovu. Nani angembishia?

"Ni mimi, dada. Taa inatangaza amri, haitangazi kama imetekelezwa."

"Profesa wa taa," dada alisema kwa uchungu. Kisha akampisha kiti. "Kaa. Rekebisha."

Akapanga upya: kwanza maiki ifungwe, ithibitishe, ndipo taa iwake. Akailaza kompyuta, akaiamsha, akavaa visikizio asikie maiki inanasa nini.

"Mama, sema kitu nijaribu."

"Niseme nini?"

"Chochote." Akabonyeza kitufe, taa ikawaka.

"Hicho chochote ndicho kilichotuponza."

Kwenye visikizio halikupita hata neno. Aliona midomo tu. Akailaza tena, akaiamsha tena, mpaka mama akaishiwa maneno, jambo ambalo halikuwa dogo.

Dada akamwandikia yule mwanamke ukweli wote, bila kupamba. Mama akasimama nyuma yake. "Ongeza kwamba mdomo ni wangu. Na kwamba naona haya."

Wakasubiri. Nguo zikawa zinachuruzika sakafuni, hakuna aliyezijali. Hatimaye jibu likaingia: "Kuongea, siwezi tena. Labda kuandika."

Profesa akainamisha kichwa. Dada hakumtazama, alivuta kiti karibu na meza.

"Tuandike basi," alichapa. "Mwanao alipenda nini?"

Kwenye kioo ikatokea alama ya mtu anayeandika. Ikapotea. Ikatokea tena, ikakaa.